Ugonjwa Uko Wapi?

Mume wangu alinipangia siku ya kupona bila kuniuliza. Jumapili moja mafua yalinilaza nyumbani, yeye akaenda kanisani peke yake, na aliporudi akavua koti huku anachekacheka. Mchungaji amekubali, akasema. Mwisho wa mwezi wa kumi tunafanya shukrani. Akina mama walishachagua na kitambaa. Nikamuuliza shukrani ya nini. Akanishangaa. Ya wewe kupona, akasema, ya nini tena?

Nilikuwa nakata vitunguu. Kisu nikakiweka chini taratibu, maana najijua nikipandisha. Nikamkumbusha kwamba vipimo vyangu vya kutimiza mwaka ni Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, na majibu ni Jumanne inayofuata. Yaani Jumapili nisimame mbele za watu nicheze, nishukuru, nile sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wa sherehe, halafu siku mbili baadaye ndiyo nikaambiwe kama ninacho cha kushukuru. Kwa nini tusingoje? Akasema imani inatangulia, majibu yanafuata. Nikamwambia basi imani yake itangulie yenyewe, mimi nitakuja na majibu. Hatukusemeshana mpaka chai ya jioni.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Yeye ni wa Uvira, Kongo. Vita vilimvusha ziwa akiwa kijana, akanikuta nauza dukani kwa shangazi, na yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Sasa ni miaka tele tuko Brussels. Analinda mlango wa jengo moja la ofisi karibu na Schuman, mimi nafanya usafi katika jengo lingine mtaa wa pili, na watoto wamekua wamehama. Kanisa letu ni la watu wa Kivu, tunasali katika ukumbi nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, uliowahi kuwa ghala la samani. Wananiita Maman Tanzanie. Nikifungua mdomo wanacheka kwamba nasoma habari redioni. Nimewazoea, na nawapenda, ingawa mara nyingine wananitia wazimu.

Mwaka uliopita walinikata titi la kushoto. Wakatoa na tezi za kwapani upande huo huo, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeanza kuhamia huko. Nikatundikiwa dripu zile za kunyonyoa nywele, nikachomwa mionzi, na sasa nameza kidonge kila asubuhi, na nitakimeza kwa miaka. Daktari wangu, dada mmoja mwenye nywele fupi na upole unaoniudhi, alinieleza bila kuzunguka. Walichokiona wamekiondoa. Lakini chembe isiyoonekana inaweza kuwa ilitoroka kabla ya kisu, ikajificha kwenye mfupa, kwenye ini, kwenye pafu, ikalala huko hata miaka. Kidonge ni cha kuizuia isiamke. Nikamuuliza, kwa hiyo nimepona au sijapona? Akasema hawalitumii neno hilo. Wanasema hawaoni kitu.

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Kazi yangu ni usafi. Tangu nianze kushika ufagio sijaiona sakafu safi. Nimeona sakafu ambayo huoni kitu juu yake, basi.

Sasa kanisani kwetu ushuhuda una namna yake. Wewe na wa kwenu na marafiki mnavaa kitambaa kimoja. Mnaingia kwa kucheza, zawadi mikononi. Unapewa kipaza sauti, unasimulia ulivyougua na ulivyolia na ulivyoombewa. Ukimaliza, mchungaji anakuuliza: ugonjwa uko wapi? Unajibu: umekwisha. Anauliza tena kwa nguvu, na safari hii ukumbi mzima unajibu na wewe, ngoma zinarindima, watu wanaruka. Hiyo ndiyo wanaita kufunga ushuhuda. Ukishafungwa umefungwa. Sijawahi kumwona mtu aliyerudi pale mbele kuufungua.

Mtu akiugua tena hawamtukani, nisiwasingizie. Watakuja nyumbani kwako na vyungu, watakesha, watalia na wewe. Lakini chakula hakijapoa, mmoja atauliza kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa, ulifungua mlango gani. Yaani ulikosa wapi mpaka shetani akapata pa kupita. Swali hilo nimelisikia likiulizwa kwa wengine. Sikuwahi kulijali mpaka lilipoanza kuninyemelea mimi.

Aliyefunga ushuhuda wake vizuri kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mnene, mcheshi, amenizidi umri kidogo. Naye ilikuwa titi kama mimi, ila alinitangulia. Siku ya shukrani yake alituvalisha njano yenye ndege wa kijani, akapiga kelele ya "umekwisha" mpaka sauti ikakauka, na sisi wote tukakauka naye. Mimi nilipogundulika, yeye ndiye aliyenivuta kwenye choo cha kanisa, akafungua blauzi, akanionyesha kovu. Tazama, akaniambia, muntu anabaki muntu. Akanifundisha kulalia upande gani, na kula nini tumbo likikataa.

Halafu akahamia Kanada. Binti yake anaishi huko. Aliondoka ghafla, katikati ya dripu zangu, bila hata kuniaga, nikaona kwenye kundi la akina mama kwenye simu ujumbe wake wa sauti kwamba ameshafika, baridi ni kali, tumwombee. Tangu hapo alikuwa anatuma picha: theluji mlangoni, theluji kwenye gari, theluji juu ya mti. Niliumia sana. Nilisema moyoni, haya, amepona, amekwenda zake, wagonjwa hatuna tena habari naye.

Basi nikakubali kushonewa. Ningefanyaje, kitambaa walishanunua, cha bluu chenye maua meupe. Fundi wetu ni papa mmoja, ndivyo wanavyomwita baba mtu mzima, wa Lubumbashi mwenye chumba kidogo pembeni ya Chaussée d'Ixelles. Akanipima kiuno, akanipima mgongo, kifua akakipima kwa heshima huku anatazama dirishani. Akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto. Akarudia wa kulia, akarudia wa kushoto. Akasema tu kwamba ataachia nguo nafasi kidogo upande ule, maman asikae kwa kubanwa.

Nilitoka pale nikapanda basi. Ndani ya basi nikaingiza mkono chini ya koti, nikaushika mkono wa kushoto, nikaushika wa kulia, nikarudi kushoto. Ulikuwa umevimba. Saa yangu naivaa huko, na kumbe wiki ile nilikuwa nimeshahamisha tundu la mkanda bila kujiuliza kwa nini. Nikashuka kabla ya kituo changu, kukaa kumenishinda. Nesi alinifundisha zamani: tezi zikitolewa, maji ya mwili yanaweza kukosa njia, mkono ukavimba, na hiyo si kansa. Alinifundisha pia kwamba kitu kikiota humo ndani kikaziba njia, mkono unavimba vile vile. Huwezi kujua kwa kutazama. Nilitazama hata hivyo, mtaa mzima, nikigonga watu.

Nilimpigia daktari. Akasema Alhamisi watatazama vyote kwa pamoja, mkono na mifupa na kila kitu, nisijitese. Nisijitese, anasema. Nilijitesa kwa bidii. Kazini, ndani ya lifti, nilikuwa nachokonoa juu ya mtulinga kutafuta uvimbe, lifti ikafunguka akaingia bwana mmoja wa tai, nikajifanya nafunga kifungo. Nyumbani nilisugua makabati ambayo niliyasugua juzi yake. Mume wangu alikuwa akipita sebuleni anaimba kwa mdomo uliofungwa wimbo wa kuingilia siku ya shukrani, na mimi namfuata nyuma na kitambaa cha vumbi nikimwambia anyamaze. Alikuwa ananyamaza, halafu anasahau, anaanza tena. Na kila alipoanza nilijiona nimesimama mbele ya ukumbi, mkono umevimba ndani ya bluu, naulizwa ugonjwa uko wapi.

Alhamisi nilikwenda hospitali peke yangu. Mume wangu nilimkataza kuja, kwa ajili ya ule wimbo. Wakanichoma sindano mkono wa kulia, maana wa kushoto haupigwi tena sindano; ilikuwa dawa ya kwenda kutulia kwenye mifupa ili mashine iweze kuiona. Inachukua muda. Nikaambiwa ninywe maji mengi nisubiri. Nikakaa, nikasimama, nikaenda mpaka mashine ya kahawa, nikarudi, nikaenda tena mpaka mwisho wa korido, kwenye chumba kingine cha kusubiri ambacho hakikuwa changu.

Pale pembeni alikaa mwanamke amegeukia ukutani. Mwembamba, kilemba, barakoa usoni. Ningempita. Lakini pajani alikuwa na mkoba wa kushonwa, wa njano yenye ndege wa kijani. Kitambaa kile hakiuzwi tena popote mjini; waliokuwa nacho ni sisi tu.

Nikamwita, Maman. Akageuka. Aliniangalia kwa muda, nami nikamtafuta yule mnene niliyemjua ndani ya uso ule, nikampata kwenye macho.

"Mi niko Kanada," akasema. "Kama wanakuuliza, maman, mi niko Kanada."

Nikakaa. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza siku ile makalio yangu yaligusa kiti yakatulia. Akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda kituoni. Miezi michache baada ya shukrani, nyonga ilianza kumuuma. Ugonjwa ulikuwa umehamia mfupani. Akahama nyumba, akapanga chumba Schaerbeek, hapa hapa Brussels. Binti kweli yuko Kanada. Anamtumia mama picha za theluji, mama anazisukuma kwenye kundi. Sokoni anakwenda saa ambazo watu wetu wako kazini. Soko la Midi la Jumapili, alikokuwa anapenda kununua samaki, hajakanyaga tena. Akiona kitenge barabarani anavuka.

Nilikasirika. Nilimwambia ni mwendawazimu. Nilimwambia mimi nilikuwa natapika hapa hapa, ghorofa ya pili, namlaani, kumbe yuko kituo kimoja cha tramu kutoka hapa. Akasema anajua. Siku zangu zote za dripu alikuwa anazijua kutoka kwenye kundi, tulivyokuwa tunaombeana, na alikuwa akiwaomba manesi wamsogezee zake ili tusikutane. Hapo hasira ikaniishia. Nililia, na kulia kwangu si kwa kimya, watu wakageuka.

Nikamuuliza kwa nini. Tungekuja, nikamwambia. Mimi ningekuja.

"Nilisema Mungu amemaliza, mbele ya batu bote," akasema. "Sasa nirudi pale niseme nini? Kwamba amesahau kidogo?"

Akacheka, lile cheko lake la zamani, mpaka akashika nyonga. Kisha akaniuliza Jumapili nitavaa nini. Alikuwa anajua habari zote za shukrani yangu. Hakuniambia niufunge ushuhuda wala nisiufunge. Alinishika tu mkono ule uliovimba, akaupima kwa vidole vyake kama fundi, akauachia. Nesi akamwita. Alipokuwa anainuka, kwa kujikongoja, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Nikaapa. Ukweli ni kwamba ningeapa chochote, nilikuwa nataka tu niguse bega lake tena.

Baadaye nililazwa chini ya mashine, nikaambiwa nisitikisike. Mwili haukutikisika. Kichwani nilikuwa nakimbia toka Schuman mpaka Midi na kurudi. Sikuwa naogopa kufa pale, nasema kweli. Kufa nilishakuogopa mwaka uliotangulia mpaka nikachoka. Nilikuwa naogopa chumba cha Schaerbeek. Nilijiona na mkoba wa bluu wenye maua meupe, nimegeukia ukuta, nimehamia nchi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Ijumaa nilichukua gauni. Mkono wa kushoto ulibana hata kwa ile nafasi aliyoiacha, papa akafumua mshono nikiwa nimesimama, akashona upya. Jumamosi mume wangu alikuwa anapiga pasi shati lake la bluu, nami nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni. Ugonjwa ukirudi, kanisani nitakaa wapi? Akasema haurudi. Nikamwambia sikuuliza kama unarudi, nimeuliza nitakaa wapi. Kiti gani? Nitaingia kwa mlango upi? Akasema nisiite mabaya. Nikamwambia mabaya hayaitwi, yana miguu yake. Nikapandisha kweli, nikamwambia hii shukrani ni yake, si yangu, yeye ndiye anayetaka kupigiwa makofi.

Alichomoa pasi ukutani. Alikaa kitandani na shati mapajani.

"Minataka tu iishe," akasema. "Mwaka muzima niko nasimama pale kwa mulango ya watu, nafungua, nafunga, niko nawaza simu italia. Minataka tu muntu aseme imeisha."

Nilimhurumia sana. Na bado nilikuwa na hasira naye. Vyote viwili vilikaa pamoja usiku kucha, havikugombana.

Jumapili tulipita katikati ya soko la Midi, sote tumevaa bluu chini ya makoti, wauza zeituni wakitupigia miluzi. Mlangoni alisimama papa wa protokoli, mzee mrefu mwenye glavu nyeupe, ambaye kazi yake ni kumkalisha kila mtu mahali pake. Huyo hana mchezo. Ukichelewa kiti chako amekipa mwingine, na akishamkalisha mtu hamwinui hata kwa ajili ya mchungaji. Mimi aliniweka mbele kabisa. Nikageuka kutazama mstari wa tatu, karibu na kipasha joto, alipokuwa anakaa mama wa Bukavu. Pamejaa siku nyingi.

Tuliingia kwa kucheza. Sikatai, nilicheza, ngoma za watu wa Kivu huwezi kuzikalia. Kijisimu kilikuwa kimesimamishwa juu ya kigoda mbele, kinarusha ibada kwa wasioweza kufika. Nilipewa kipaza sauti nikasimulia. Nilisema jinsi nilivyougundua uvimbe nikioga. Nilisema mume wangu alivyokuwa akitoka kazini na sare yake moja kwa moja mpaka kitandani kwangu. Niliwashukuru kwa majina ya vyungu vyao, nani alileta ndizi, nani alileta mchuzi wa kuku, na wote walicheka. Niliendelea kuongea, nikaongeza na mambo ya safari ya tramu, mambo ya nesi, maana nilijua nikinyamaza swali litakuja. Hatimaye maneno yakaniishia.

Mchungaji akasogea. "Maman," akasema, "ule ugonjwa uko wapi?"

Wapiga ngoma walishanyanyua mikono. Mume wangu alikuwa ananitazama mdomoni.

"Sijui," nikasema.

Mchungaji akadhani sikusikia, akauliza tena kwa nguvu, na baadhi ya watu wakajibu kwa mazoea, umekwisha, halafu sauti zao zikafa moja moja.

"Sijui, mchungaji, na madaktari nao hawajui. Leo namshukuru Mungu kwa mwaka huu, mzima, wote. Lakini nisikilizeni. Ukirudi, nitakuja nao hapa hapa. Nitakaa kwenye kiti changu, mtaniombea, mtanipikia, na hakuna atakayeniuliza nimefungua mlango gani. Siendi popote mimi."

Nilisikia treni ikiingia stesheni. Mchungaji, ambaye nilishajiandaa kumchukia, aliinamisha kichwa, akasema tu tuombe, na akaomba kwa sauti ndogo ambayo si yake. Mume wangu alitoka kwenye kiti chake akaja akasimama kando yangu. Alikuwa analia kwa hasira au kwa nini, sikumuuliza, mpaka leo sijamuuliza.

Chakula kililiwa, lakini sherehe haikuchangamka. Maman mmoja aliniambia usoni kwamba amenunua kitambaa kwa ajili ya ushindi, si kwa ajili ya sijui. Mwingine akasema kwa huruma yao ile kwamba kwa maneno yale mlango nimeshaufungua. Nikamjibu kwamba ndiyo, na yeye atapita humo humo kuniletea supu. Alikasirika. Papa wa protokoli alipita na sinia la soda akanipa, hakutoa maoni.

Jumanne tukaenda wote wawili kwa daktari. Alifungua picha zangu kwenye kioo cha kompyuta, mifupa yote ya mtu mmoja, nikajiona nilivyo mfupi. Mkono, akasema, ni maji: tezi hazipo, njia imekuwa nyembamba. Atanipa soksi ya kubana ya mkononi na mtu wa kunikanda. Kwingine kote hawaoni kitu. Nirudi baada ya miezi sita. Mume wangu akauliza kwa Kifaransa, taratibu, donc, kwa hiyo, imekwisha? Daktari akasema, leo hatuoni kitu, bwana. Tulipotoka alikuwa analirudia lile neno njia nzima, leo, leo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kwenye ngazi za metro akasema, bon, haya, leo tule samaki. Tukala.

Nilifurahi, jamani. Sitaki mtu afikiri sikufurahi. Lakini nilipokuwa naosha sahani nilijikuta nimeshika tena mtulinga, kwa mkono wenye sabuni.

Wiki hiyo hiyo simu ikalia, namba nisiyoijua, ya hapa hapa Ubelgiji.

"Bon. Nilikusikia Jumapili, niko naangalia kwa telefone," ikasema sauti. "Kanada imenichosha, maman. Munipitie."

Hapo ndipo, kwa ruhusa ya yule mama, nilipomweleza mume wangu. Alikaa chini. Aliuliza mara nyingi, Schaerbeek? Schaerbeek hii? Jumapili tukampitia kwa teksi, mume wangu akambeba karibu ngazi zote, na yule mama akimtania kwamba hata siku ya harusi yake hakubebwa hivyo. Alikuwa amevaa njano yake. Ilimpwaya, ameifunga na mkanda. Njiani hakuacha kufunga na kufungua mkoba. Tulipofika karibu na soko akasema turudi, amesahau dawa. Hakuwa amesahau dawa. Nikamwambia tutakaa hapa ndani ya teksi mpaka atakapokuwa tayari, na yeye atapitwa na samaki wote. Akashuka.

Aliegemea mkono wangu ule mzima. Ibada ilikuwa imeshaanza, wanaimba. Mlangoni papa wa protokoli alipomwona alifungua mikono yote miwili na glavu zake, uso ukameta. Nilijua jibu la kiti chake ndilo jibu la kiti changu.

"Maman, karibu. Kanada ni namna gani?"

"Sikuendaka," akasema. "Nilikuwa tu hapa. Ugonjwa ulirudi."

Papa alimtazama. Alitazama kilemba, mkanda, mkono wangu. Kisha akachukua ule mkoba wa ndege, akauweka kwapani, akatangulia mbele yetu katikati ya ukumbi bila haraka. Watu waliendelea kuimba huku shingo zinageuka, mstari baada ya mstari, na wimbo ukawa unapungua tulikopita. Kwenye mstari wa tatu, karibu na kipasha joto, alisimama. Aliinama, akamgusa bega aliyekaa mwanzo, akamgusa na wa pili.

Wakasogea.